KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MWIBA NA MAONI YASIYO NA MAJINA

KAMATI YA UHARIRI YA GAZETI LA MTAA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika siku ya Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya gazeti, ghorofani juu ya duka la vioo.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, ambaye pia ni Mhariri Mkuu na mwandishi wa safu ya kila wiki iitwayo "Kutoka Dirishani"
2. Mpangaji Kurasa, ambaye pia ni mke wa Mwenyekiti
3. Mhariri wa Michezo, ajulikanaye kwa wote kama Faulo
4. Fundi wa Tovuti, binti wa dada yake Mwenyekiti
5. Daktari wa Meno, mwakilishi wa wasomaji
6. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA
Mpiga Picha (yuko harusini, si yake).

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Mshauri wa Sheria. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Katibu ukisema, "Mshauri wa Sheria anaumwa sana, msimsubiri." Haukuwa na jina la aliyeutuma. Kwa kuwa jambo hilo hilo ndilo lililokuwa ajenda ya siku, kamati iliona isiupokee kabla ya kuamua.

KUMB. NA. 1/DHARURA: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya kutafuta miwani yake juu ya meza, chini ya meza na kwenye droo, hadi alipoelezwa kwamba amevaa. Aliwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao za Jumamosi. Faulo alisema kwamba yeye hakuwa na shughuli, ila kulala nako ni kazi. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba maneno yote yapitie kwa Mwenyekiti. Faulo aliyarudia kupitia kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti aliomba feni izimwe kwa sababu inagonga kila inapozunguka na kumkatiza. Daktari wa Meno aliomba iachwe kwa sababu ya joto. Iliwekwa mwendo wa chini, ikawa inagonga polepole.

KUMB. NA. 2/DHARURA: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alipinga neno moja katika kumbukumbu zilizopita, pale ilipoandikwa kwamba "Mwenyekiti alifoka." Alieleza kwamba hajawahi kufoka maishani. Mpangaji Kurasa alikohoa. Katibu alisema yuko tayari kurekebisha, kwa sharti kwamba ukweli usidhurike. Baada ya majadiliano ilikubaliwa isomeke: "Mwenyekiti alieleza kwa sauti iliyofika hadi duka la vioo." Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/DHARURA: SABABU YA DHARURA

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu gazeti lifungue tovuti, msomaji yeyote anaweza kuandika maoni chini ya habari yoyote kwa jina lolote alipendalo, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Alisema mwanzoni aliona ni jambo la kisasa. Lakini tangu mwaka jana, chini ya safu yake mwenyewe, amejitokeza mtu anayejiita Mwiba, ambaye hamwachi apumue. Kila maoni ya Mwiba huishia kwa maneno yale yale: "Kunywa maji kwanza."

Mwenyekiti alisoma mifano, akiwa ameishika karatasi mbali naye kwa urefu wa mkono wote.

Chini ya makala kuhusu uungwana wa kupanga foleni, Mwiba aliandika: "Mwandishi anasifu foleni, lakini sentensi zake zinasukumana mlangoni. Kunywa maji kwanza."

Chini ya makala kuhusu malezi: "Hii ni methali ya tano na aya ni nne. Kunywa maji kwanza."

Chini ya picha ya mwandishi: "Koti hilo la kahawia limetumikia vya kutosha. Lipewe pensheni. Kunywa maji kwanza."

Fundi wa Tovuti alicheka. Aliombwa aache. Aliacha, kisha akaendelea.

Mwenyekiti alisema kwamba hayo yote aliyameza. Wiki hii, hata hivyo, Mwiba amevuka mpaka. Katika makala iitwayo "Taa Zetu za Ukungu," Mwenyekiti alilalamikia taa mpya za barabarani, kwamba zimefungwa vibaya na kila moja ina duara la ukungu kama balbu iliyochemshwa kwenye maziwa. Mwiba akajibu: "Taa hazina ukungu. Nimezitazama kutoka dirisha hilo hilo. Wewe nenda kapime macho. Kunywa maji kwanza."

Daktari wa Meno aliuliza: "Dirisha hilo hilo lipi?"

Mwenyekiti alijibu: "Dirisha lolote, Dokta. Usinitoe kwenye hoja."

Katibu aliandika swali hilo kama lilivyoulizwa.

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba kuanzia leo kila atakayetoa maoni aandike jina lake kamili na mahali anapofanya kazi. La sivyo, sehemu ya maoni ifungwe kabisa. Alisema: "Mtu akitaka kuniambia niko kipofu, aje aniambie nikimwona."

KUMB. NA. 4/DHARURA: MJADALA WA MAJINA

Faulo alipinga. Alisema kwamba ukianza kudai majina ya mashabiki getini, uwanjani watabaki refa na nyasi. Mwenyekiti alimwambia hapa si uwanjani. Faulo alijibu: "Ndiyo maana hapajai."

Daktari wa Meno alisema kwamba katika kazi yake ameona jambo la ajabu. Mtu akiwa kwenye kiti chake, amefungua mdomo wote, hawezi kusema neno. Akitoka nje, akaficha jina, ndipo anasema yote. Mwenyekiti alimuuliza kama hayo yanaunga mkono hoja au yanaipinga. Daktari alisema alikuwa anaeleza tu.

Fundi wa Tovuti alisema kwamba kudai majina kulishajaribiwa kwa siku moja, mwaka jana, kwa agizo la Mwenyekiti. Siku hiyo wasomaji watatu walijiandikisha kwa jina la Mwenyekiti, na mmoja wao aliandika vizuri.

Mwenyekiti aliuliza: "Nani huyo?"

Fundi alijibu: "Hatujui, mjomba. Shida yenyewe ndiyo hiyo."

Mwenyekiti alikumbusha kwamba ndani ya kikao hakuna mjomba.

Mpangaji Kurasa aliulizwa maoni yake. Alijibu bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta kwamba anamalizia ukurasa wa sita.

Katibu aliombwa aseme, na aseme kwa ufupi. Alieleza kwamba katika mji alikozaliwa, ambao hajauona tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ofisi ya gazeti ilikuwa na sanduku la mbao lililopachikwa ukutani. Tundu lilikuwa upande wa barabara na mlango wake upande wa ofisi. Watu walitumbukiza barua wakipita, bila kupunguza mwendo, kama mtu anayegusa ukuta kwa mazoea tu. Nyingi hazikuwa na jina. Moja ilieleza juu ya ghala lililokuwa limejaa nafaka huku watu wakiambiwa hakuna. Ilichapishwa. Wakaja watu wenye viatu vizuri kumuuliza mhariri ni nani aliyeandika. Mhariri aliapa kwamba hajui, na kwa kuwa kweli hakujua, uso wake haukuwa na cha kuficha. Aliyeandika pengine aliendelea kupita pale kila asubuhi na kumsalimia. Katibu alisema kwamba tangu siku hiyo hawezi kumdharau mtu kwa sababu tu hana jina. Kwa uaminifu aliongeza kwamba barua nyingine zilihusu wake za watu, nazo zilitumika kuwashia jiko.

Mwenyekiti alimshukuru Katibu kwa kumwita mzee wetu, kisha akasema: "Lakini lile lilikuwa ghala. Hili ni koti langu."

KUMB. NA. 5/DHARURA: SUALA LA FUNDI CHEREHANI

Hapo Mpangaji Kurasa aligeuka kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba kama tunawahesabu waliolindwa kwa kuficha jina, tuwahesabu na walioumizwa. Alikumbusha habari ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye gazeti lilimwandika vizuri, na picha yake ikatoka akicheka. Chini yake mtu anayejiita Mkweli aliandika mistari miwili kuhusu umbo lake na kuhusu mwanawe. Fundi cherehani alipanda ngazi za ofisi utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaomba picha iondolewe. Hakupaza sauti. Tangu hapo gazeti hulichukua kwa ajili ya kukatia vipimo vya nguo tu; halisomi.

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyeyaruhusu maneno ya Mkweli. Fundi wa Tovuti alisema hakuna aliyeyaruhusu. Maoni hupita yenyewe, na hayasomwi hadi mtu alalamike. Mwenyekiti alielekeza mistari hiyo isomwe, ili kamati ijue inazungumzia nini.

Faulo alisimama, kama asimamavyo anaposoma matokeo ya mechi. Alisoma maneno machache, akanyamaza. Alisema koo limemkauka. Alimpa Daktari wa Meno. Daktari alisoma kimoyomoyo, akaikunja karatasi mara mbili, akasema: "Nimeona vinywa vichafu, lakini huwa vinanukia dawa nikimaliza." Alimpa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliivuta karibu, akaipeleka mbali, akasema mwanga hautoshi. Mistari hiyo haikusomwa.

Mpangaji Kurasa alisema: "Basi sheria mmeshaipata. Maoni yasomwe hapa kwa sauti kabla hayajapita. Yasiyosomeka yasipite."

Faulo aliongeza: "Yasomwe kama vile anayesemwa yupo."

Fundi wa Tovuti aliongeza: "Na ameshika mkasi."

Wajumbe wote waliafiki. Mwenyekiti alifurahi, akatangaza kwamba kwa hiyo Mpangaji Kurasa anaunga mkono majina yaandikwe. Mpangaji Kurasa alisema hakusema hivyo. Jina na ulimi ni vitu viwili. Mwenyekiti alisema: "Hata nyumbani hukubaliani nami." Katibu aliuliza kama hilo liandikwe. Mwenyekiti alisema lisiandikwe. Mpangaji Kurasa alisema liandikwe.

KUMB. NA. 6/DHARURA: MAJI

Mwenyekiti alisimama, akaeleza kwa sauti iliyofika hadi duka la vioo (taz. Kumb. Na. 2) kwamba mtu anayejificha nyuma ya neno kama Mwiba ni mwoga; kwamba mwoga huyo hathubutu kumtazama usoni; kwamba laiti angekuwa ndani ya chumba hiki angemwambia mambo matatu. La kwanza alilisema. La pili lilimkwama, kikohozi kikamshika, uso ukabadilika rangi.

Mpangaji Kurasa, macho yakiwa kwenye ukurasa wa sita, alisema: "Baba watoto, kunywa maji kwanza. Keti, uanze upya."

Mwenyekiti alikunywa maji. Aliketi. Alianza upya, akisema, "Ndugu wajumbe."

Hakuna ndugu mjumbe aliyekuwa akimsikiliza. Daktari wa Meno alikuwa amefungua mdomo jinsi anavyowataka wagonjwa wake wafungue. Mkono wa Mpangaji Kurasa ulikuwa umeganda juu ya kompyuta. Faulo alinong'ona kwamba mpira umevuka mstari wote. Fundi wa Tovuti alitoka nje ya chumba bila ruhusa. Kicheko chake kilisikika ukumbini, kisha kwenye ngazi, kisha chini dukani, ambako mwenye duka alisikika akimuuliza kama amefiwa.

Mwenyekiti alitaka kujua kinachochekesha.

Daktari wa Meno alisema: "Ndugu Mwenyekiti, hayo maji umekunywa kwa amri ya nani?"

Mwenyekiti alijibu: "Ya mke wangu. Sasa?"

Daktari alisema: "Sasa kunywa mengine."

Mwenyekiti aliitazama glasi. Alimtazama Mpangaji Kurasa. Aliitazama glasi tena, kama mtu aliyeshtukia kwamba inamfahamu. Feni iligonga mara kadhaa.

"Dirisha hilo hilo," alisema.

Mpangaji Kurasa alijibu: "Nyumba yetu ina dirisha moja tu linalotazama barabara."

KUMB. NA. 7/DHARURA: MAELEZO YA MWIBA

Mpangaji Kurasa alieleza kwamba hakupanga kuwa Mwiba. Alimwambia mumewe kwa miaka mingi kwamba koti la kahawia limechakaa, na akajibiwa kwamba hajui mavazi ya waandishi. Jioni moja, kwa hasira tu, aliyaandika hayo hayo kwenye tovuti kwa jina la Mwiba. Asubuhi yake koti liligawiwa. "Nikadhani ni bahati," alisema.

Akajaribu suala la magoti ya mumewe, yaliyokuwa yakimuuma. Nyumbani alikuwa amesihi mume wake atembee jioni, akajibiwa kwamba wanaotembea bila safari ni watu wasio na kazi. Mwiba aliandika mara moja tu. "Siku hiyo hiyo akavaa viatu. Aliporudi akaniambia mimi, mimi hapa, 'Mke wangu, ungejua kutembea kunavyosaidia.'"

Mwenyekiti alijitetea kwamba alimtii msomaji kwa sababu msomaji alitoa sababu.

Mpangaji Kurasa alisema: "Sababu zilikuwa zile zile. Nilizinakili kutoka mdomoni mwangu." Aliendelea kwamba hamlaumu. Mtu akiishi na sauti moja miaka yote, huizoea kama feni ile. Huisikia ikinyamaza tu. "Nikisema mimi, unamsikia mkeo, na mkeo unamjua. Mwiba hana sura, kwa hiyo ikabidi usikilize maneno."

Alisema kwamba la macho ndilo lililomfanya aandike kwa ukali wiki hii. Mwenyekiti humimina chai kando ya kikombe. Juzi alimpa habari za asubuhi mti wa kutundikia makoti pale ukumbini, na alipokosa jibu akalalamika juu ya adabu za siku hizi. Alisema pia kwamba marehemu mama mkwe wake alianza hivyo hivyo, kwa kusema taa zimeharibika, na kila mtu akakubali kwamba ni taa, hadi dawa ikachelewa. Hapo sauti yake ilishuka. Katibu hakusikia vizuri, wala hakuomba irudiwe.

Aliongeza: "Mambo yote Mwiba alimwambia, akafanya. Hili moja ndilo amekataa, na akaitisha kikao ili Mwiba afungwe mdomo. Kama leo mnafunga maoni, basi niambieni nitasema naye kwa njia gani."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akasema: "Kwa hiyo niliyekuwa nagombana naye ni wewe."

"Na uliyekuwa unamtii."

Mwenyekiti alisema kwamba, kwa kuwa mambo yameshafika hapa, aseme ukweli. Yeye alimpenda Mwiba. Siku gazeti likitoka alikuwa akiamka kabla ya jua ili aone Mwiba kasema nini, na asipomkuta, siku nzima ilikuwa haina ladha. Alidhani ni profesa mstaafu.

Mpangaji Kurasa aliomba neno profesa liandikwe. Limeandikwa.

Katika hali hiyo ya kuoneana huruma, Faulo alikiri kwamba yeye ndiye Refa Kipofu, anayemtukana Mhariri wa Michezo kila baada ya mechi, ili wasomaji wachangamke wamtetee. Alisema hadi leo hakuna aliyemtetea. Daktari wa Meno alikiri kuwa Jino la Dhahabu, ambaye husisitiza chini ya habari yoyote, hata za barabara, kwamba watu wawe na desturi ya kumwona daktari wa meno. Fundi wa Tovuti, aliyekuwa amerudi akijifuta macho, alikiri kuwa Mpita Njia, anayeandika kila wiki, "Tovuti hii inafunguka haraka sana, hongera kwa aliyeitengeneza."

Katibu aliulizwa kama naye ana jina. Katibu aliomba kikao kiendelee na ajenda.

Daktari wa Meno aliuliza, tukijitoa sisi, wanabaki wachangiaji wangapi. Fundi wa Tovuti alianza kujibu. Mwenyekiti aliona jibu hilo lisubiri kikao kingine.

KUMB. NA. 8/DHARURA: KURA NA MAAZIMIO

Mwenyekiti alipendekeza kura ya siri.

Faulo aliuliza: "Kwa nini ya siri, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti alieleza kwamba mtu anapaswa kutoa mawazo yake kwa uhuru, bila kutazamwa usoni, na bila jina lake kujulikana. Wajumbe walimtazama. Mwenyekiti alisema: "Nimejisikia. Gaweni karatasi."

Kura zilikusanywa ndani ya birika la umeme lisilofanya kazi. Daktari wa Meno alizitoa moja moja kwa uangalifu wa kazi yake na kuzisoma. Kura zote zilitaka maoni yasiyo na majina yabaki. Moja kati ya hizo iliandikwa kwa herufi kubwa mno, nyingine zikiwa zimepitiliza karatasi na kubaki juu ya meza. Ilisema: "Yabaki. Ila Mwiba awe ananiandikia na mazuri." Aliyeipiga hakuulizwa.

Kwa hiyo kamati iliazimia kwamba:

(a) Wasomaji waendelee kuandika maoni kwa jina lolote wapendalo.

(b) Kila maoni yasomwe kwa sauti ofisini kabla ya kupita, na yale ambayo anayeyasoma anashindwa kuyatamka, kana kwamba anayesemwa yupo mbele yake na mkasi mkononi, yasipite.

(c) Maneno ya Mkweli yaondolewe leo, na Mwenyekiti pamoja na Katibu wavuke barabara kumwomba radhi fundi cherehani.

(d) Mwenyekiti akapimwe macho.

Mwenyekiti alisema azimio (d) halikuwamo katika ajenda. Daktari wa Meno alisema kwamba daktari wa macho yuko mlango wa pili kutoka kwake na huwa anaazima magazeti yake, kwa hiyo atampokea bila miadi. Mwenyekiti alisema atatafakari.

KUMB. NA. 9/DHARURA: MENGINEYO

Wakati Daktari wa Meno akieleza, bila kuulizwa, jinsi ya kushika mswaki, Mwenyekiti alisogeza kiti chake karibu na Fundi wa Tovuti, akamuuliza kwa sauti ambayo haikufika hata nusu ya meza, mtu akitaka jina la kuandikia maoni hulipata wapi.

Fundi alijibu: "Unajiita utakavyo tu, mjomba."

Safari hii Mwenyekiti hakumsahihisha. Alishika simu mbali kwa urefu wa mkono na kuandika kwa kidole kimoja. Wajumbe walijishughulisha na mswaki.

Punde Fundi wa Tovuti alitangaza kwamba kuna maoni mapya yameingia chini ya "Taa Zetu za Ukungu," kutoka kwa mtu anayejiita Glasi. Kwa mujibu wa azimio (b) yalipaswa kusomwa kwa sauti. Faulo alijitolea. Kamati ilielekeza yasomwe na Mpangaji Kurasa.

Mpangaji Kurasa alisoma: "Ndugu Mwiba. Nimekunywa maji. Jumatatu asubuhi niko tayari, ila unishike mkono kwenye ngazi za daktari, maana siku hizi ngazi nazo zina ukungu. Tafadhali usiache kuandika. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi."

Alipofika "msomaji wako" alisimama kidogo, kisha akamaliza. Maneno yote yalisomeka.

Mwenyekiti aliuliza, akiwa anatazama dari, kama maoni hayo yapite. Wajumbe wote waliinua mikono, Faulo miwili. Mpangaji Kurasa aliomba dirisha lifunguliwe, akaelezwa kwamba liko wazi tangu asubuhi.

KUMB. NA. 10/DHARURA: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa hapakuwa na lingine ambalo mjumbe yeyote angeweza kulisema akiwa na uso wa kawaida, Mwenyekiti alifunga kikao muda mfupi kabla ya saa saba mchana. Aliomba feni iongezwe mwendo kwa ajili ya watakaobaki.

NYONGEZA: Azimio (c) lilitekelezwa papo hapo. Mwenyekiti alivuka barabara akiwa ameshikwa mkono na Mpangaji Kurasa, Katibu akifuata. Mwenyekiti alianza kwa kuiomba radhi sanamu ya kupimia nguo iliyosimama mlangoni, tena kwa maneno mazuri sana, na fundi cherehani, aliyekuwa ndani, aliyasikia yote. Alimtazama Mwenyekiti, akamtazama mkewe, akaweka kiti. Kisha akachukua gazeti la wiki hii kutoka kwenye rundo, na kabla hajaligusa kwa mkasi, akalifungua na kuanza kulisoma.

Kumbukumbu hizi Mwenyekiti alizitia saini kabla ya kushuka ngazi, kwa kujiamini kote, kwenye mstari wa Katibu. Katibu ametia yake kwenye mstari wa Mwenyekiti, ili hesabu ikae sawa. Wajumbe wanaombwa wasome kwa kukingamisha, hadi Jumatatu.

MWENYEKITI: (saini ya Katibu)

KATIBU: (saini ya Mwenyekiti, mkia wake uko mezani)